Pesa ya mpwa wangu imekwama kasino ya simu, sasa wadai "kodi" kwanza

BiMwana_Malindi: Assalam aleikum. Mpwa wangu auza samaki hapa Shela ya Malindi. Ana 18,000 kwenye kasino moja ya simu, na kila akitaka kuzitoa anaambiwa "inashughulikiwa". Leo wakala wa Telegram amwambia atume 2,500 za kodi, tena kwa namba ya mtu binafsi. Amekuja kunikopa. Tovuti chini ina nembo ya leseni ya ng'ambo. Nimpe?

Nahodha_Mstaafu: Usimpe hata thumni, dada. Hapa Kenya kodi ya kamari kampuni huikata yenyewe. Hiyo 2,500 ikienda, kesho watadai ya "kufungua akaunti".

Kashia_wa_Zamani: Waaleikum salaam, Bi Mwana. Nilikaa dirishani kwenye kasino ya hapa mjini, enzi Waitaliano wamejaa. Mtu alinisukumia chipu, vile vidude vya kuchezea badala ya pesa, nikamhesabia noti zake akiona. Mtandaoni ile 18,000 kwenye skrini ni deni tu, kampuni inadaiwa. Leseni haikwambii kama pesa za wachezaji zimetengwa au zachanganywa na za mishahara na matangazo.

Full Tilt Poker, kampuni ya kamari ya karata mtandaoni, ilikuwa na leseni ya Alderney, kisiwa kidogo kati ya Uingereza na Ufaransa. Machi 2011 ilidaiwa na wachezaji kama dola milioni 390, na benki ina kama milioni 60! Aprili Marekani ikaifungia, pamoja na mshindani wake, PokerStars. PokerStars ikawalipa Wamarekani wake upesi, maana pesa zao ilizitenga. Wa Full Tilt walingoja mpaka PokerStars ilipoinunua 2012, na wengine hata baada ya hapo. Uingereza kampuni lazima imwambie mchezaji pesa yake ina kinga gani ikifilisika, na jibu la "haina" laruhusiwa. Hilo hunichekesha mpaka leo.

Nembo ni picha, yeyote huibandika. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya mdhibiti mwenyewe, yule atoaye leseni. Halafu, alipoweka pesa, meseji ya M-Pesa ilitaja jina gani?

BiMwana_Malindi: Amenuna, asema namzibia riziki. Meseji nimeiona: duka la vipuri vya pikipiki, Nairobi.

Nahodha_Mstaafu: Lahaula!

Kashia_wa_Zamani: Hilo si jina la kasino. Basi meseji hiyo asiifute. Apige picha gumzo lote la huyo wakala kabla hajamblock, aende nazo polisi. Hizo 18,000 simuahidi.