Michezo inayohamishiwa Nintendo Switch inatuharibikia mkononi, na bei tunalipa kamili

Wakuu, naomba niliseme jambo hili kwa ukali unaolistahili, maana limezoeleka hadi wauzaji na wanunuzi wote wanaliona la kawaida. Mtu ananunua Nintendo Switch, kifaa cha kuchezea gemu ambacho sifa yake kuu, iliyotangazwa tangu kilipoingia sokoni tarehe 3 Machi 2017, ni kwamba kinachezwa kwenye TV na mkononi pia. Kisha ananunua mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya mashine kubwa kama PlayStation ukahamishiwa humo, na akiuwasha mkononi anakuta picha zimefifia, mwendo unakwama na maandishi hayasomeki. Kwenye kasha hakuna mstari hata mmoja uliomwonya.

Huo wa kwangu sitautaja jina, na duka vilevile, kwa kuwa sitaki mjadala ugeuke ugomvi na mtu mmoja. Ni mchezo wa mapanga, niliununua Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey, kadi mpya yenye mchezo ikiwa bado na nailoni yake. Kwenye TV unavumilika. Mkononi, ukiwa peke yako porini, unakwenda. Akijitokeza adui wa tatu na moto ukashika kwenye nyasi, picha inaanza kurukaruka. Unabonyeza kitufe cha kukinga, na kinga inakuja pigo likiwa limeshaingia. Ukifika mjini, mtu anaanza kukusemesha akiwa hana macho wala mdomo, sura yake inakuja kujaa wakati maneno yameshafika katikati. Orodha ya silaha imeandikwa kwa herufi ndogo kiasi kwamba ndani ya mwendokasi ya Kimara, hata ukibahatika kupata siti, inakubidi usogeze kioo hadi karibu na pua.

Niliirudisha kadi dukani. Kijana aliyeniuzia akaichomeka kwenye kifaa chao kilichounganishwa na TV, akaniambia, "Kaka, si unaona inacheza?" Nikamwomba akitoe kwenye doki, yaani kile kitako kinachokiunganisha na TV, akakitoa, tukatazama pamoja yale niliyoyaeleza hapo juu. Jibu lake likawa, "Hiyo ndiyo Switch, zote ziko hivyo."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kwa sababu si zote ziko hivyo. Udhaifu wa kifaa unajulikana na hakuna anayeuficha: chipu yake ni Tegra X1 ya Nvidia, iliyotangazwa mwaka 2015, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni GB 4, ambazo mchezo unagawana na mfumo wa kifaa chenyewe. Kikiwa kwenye doki, sehemu ya chipu inayochora picha inaruhusiwa kufika kasi ya MHz 768. Kikitolewa inashushwa, kwa michezo mingi, hadi MHz 384 au 307, ili betri isiishe upesi na kifaa kisichemke. Nguvu inapungua kwa nusu au zaidi. Lakini waliokibuni walilipangia jambo hilo: kwenye TV kinaweza kutoa picha ya pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080, na kioo chake ni cha pikseli 1280 kwa 720, ambazo hazifiki nusu ya zile za TV. Nguvu nusu kwa kazi nusu, na mchezo unabaki na mwendo uleule.

Hesabu hiyo inavurugika pale mhamishaji anaposhindwa kuufikisha mchezo kwenye 1080 hata ukiwa kwenye TV. Akiona umekaa kwenye 720 au chini yake kwenye doki, anaridhika, anaupeleka sokoni. Ukiutoa kwenye doki, nguvu inakatwa vilevile, ila pikseli za kupunguza bila jicho kuona hazipo tena. Kinachobaki ni picha yenye ukungu, au fremu (picha zinazopita kila sekunde) zinazodondoka, au vyote viwili. Na fremu kudondoka si pambo, kwa maana mchezo wa fremu 30 kwa sekunde unaipa kila picha milisekunde 33; ikichelewa hata kidogo, inasubiri zamu inayofuata ya kioo, yaani milisekunde 50, na kitufe ulichobonyeza kinasubiri pamoja nayo. Ndiyo maana kinga yangu ilikuwa inafika baada ya pigo.

Anayesema haiwezekani kufanya vizuri zaidi aniambie kuhusu mchezo wa Doom, ambayo kampuni ya Panic Button iliihamishia Switch mwaka 2017. Kwenye mashine kubwa ilikuwa inakwenda fremu 60. Wao wakaishusha hadi 30, wakapunguza ukali wa picha, na ikachezeka mkononi. Mwaka 2019 ukaja mchezo wa The Witcher 3, iliyohamishwa na kampuni ya Saber Interactive na kuenea yote kwenye kadi moja ya GB 32. Mkononi ina ukungu, sikatai, lakini mtu aliketi akaamua nini kikatwe ili mwendo ubaki. Kazi hiyo inataka muda, na muda ni hela ambayo wengine hawataki kuitoa.

Mortal Kombat 1 ilipofika Switch mwezi Septemba 2023, Marekani iliuzwa takribani dola 70, sawa na ya PlayStation 5, huku sura za wapiganaji zikigeuka kichekesho cha mitandaoni. Hata michezo iliyozaliwa humohumo haikusalimika: Pokémon Scarlet na Violet ilitoka Novemba 2022 ikiwa nzito mno, hadi Nintendo wenyewe wakaomba radhi. Iliyumbayumba hivyo hadi Juni 2025, Switch 2, mashine mpya iliyofuata Switch, ilipotoka na sasisho la bure lililoifikisha kwenye fremu 60. Kwa hiyo ukitaka mchezo ulioulipia mwaka 2022 uende inavyopaswa, ukanunue mashine nyingine! Kwenye vibanda vya gemu vya Manzese, mtoto akilipia mechi moja halafu pedi ikawa inachelewa, anadai arudishiwe hela yake, na mwenye kibanda anairudisha bila ubishi.

Liko na suala la kupakua, ambalo kwetu ni gharama juu ya gharama. Kadi zenye nafasi kubwa ni ghali kuzalisha, kwa hiyo baadhi ya wachapishaji huweka sehemu tu ya mchezo kwenye kadi ndogo na kukuachia mengine uyavute mwenyewe kwa bando lako. Juu yake ongeza masasisho, ambayo ndiyo huja kurekebisha yale yaliyopaswa kuwa tayari kabla ya kuuzwa. Kwenye Switch 2 wameenda mbali zaidi: zipo kadi zisizo na mchezo ndani, ni ufunguo tu wa kukuruhusu uupakue. Nao wasisingizie uwezo, kwa sababu Cyberpunk 2077 ilitoka kwa mashine hiyohiyo ikiwa imekamilika kwenye kadi ya GB 64.

Mtu wa Dar es Salaam anaumizwa na haya kuliko wengi, kwa kuwa sisi ndio tunaocheza mkononi hasa: kwenye foleni ya Morogoro Road, kwenye kivuko cha Kigamboni, na umeme ukikatika usiku. Kutuambia mchezo ni mzuri kwenye TV ni kutujibu swali ambalo hatukuuliza.

Kwa hiyo ninataka mambo mawili. Wachapishaji waandike nyuma ya kasha mwendo wa fremu na ukubwa wa picha mchezo ukiwa mkononi, pamoja na GB zinazopaswa kupakuliwa, kama wanavyoandika idadi ya wachezaji. Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na sioni kwa nini bidhaa hizi ziwe nje ya macho ya Tume ya Ushindani kwa vile tu zinaitwa michezo. La pili ni la wauzaji wa Kariakoo, wala halihitaji tume: kifaa cha kujaribia kiwekwe mezani kikiwa nje ya doki, na mteja aachiwe acheze sehemu yenye purukushani, siyo ile menyu ya mwanzo, kabla hajatoa hela. Mwenye duka linalokubali hivyo alitaje hapa, nami nitapeleka biashara yangu huko.