Ushauri: Hadithi ya kutunga kufundishia majaribio ya sayansi, Darasa la Sita

Mwl_Chaki: Habari za jioni wakuu. Nafundisha Sayansi na Teknolojia, darasa limejaa na maabara hatuna. Hatua za jaribio wanazikariri vizuri, ila ukiwaambia wabuni jaribio lao wanakwama. Nikawatungia hadithi: mzee mmoja anauza "unga wa mwezi", anadai kuku akiula anataga mara mbili. Mtajuaje kama ni kweli? Darasa lilichangamka ajabu! Lakini majibu karibu yote ni kama hili lililo mezani kwangu: "Nitawapa kuku wote unga. Wakitaga sana, mzee ni mkweli." Nawafikishaje kwenye kundi la kulinganishia, yaani kuku wasiopewa unga huo, bila kuwatajia jibu? Njia hii naipenda, sitaki kuiacha.

Bwana_Shamba: Mwalimu, usiwasahihishe, endeleza hadithi. Waambie kuku wote wamekula unga na mayai yameongezeka, ila wiki hiyohiyo mvua ilinyesha, kumbikumbi wakatoka, kuku wakala wakashiba. Halafu nyamaza. Watadai wenyewe kuku wasiopewa unga. Wakifika hapo wabane tena: nani anachagua kuku wa kupewa? Mtoto atawapa wale wanono, ndiyo maana tunawachagua kwa bahati nasibu. Tena unga ni chakula, kwa hiyo hao wengine wapewe unga wa kawaida, kipimo kilekile, la sivyo utakuwa unapima shibe.

Nesi_Pwani: Naunga mkono. Wakimaliza wape kisa cha kweli. Mwaka 1747 James Lind, daktari wa meli ya Kiingereza iitwayo Salisbury, alichukua mabaharia 12 wenye kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C) akawagawa wawili wawili. Chakula kimoja, mahali pamoja pa kulala, tiba tofauti: siki, maji ya bahari na kadhalika. Waliopewa machungwa na malimau walipata nafuu haraka kuliko wote. Waulize: angewapa wote 12 machungwa pamoja na siki, angejua nini?

Mzazi_Mbeya: Samahani mwalimu, mimi nina wasiwasi. Huku mitaani dawa za namna hiyo zinauzwa kweli. Mtoto asije akaondoka na imani ya unga wa mwezi.

Bwana_Shamba: Hoja nzito, mzazi. Ndiyo maana mzee abanwe kabla ya jaribio, mbele ya darasa: "Tukiona nini, utakubali unga haufanyi kazi?" Asipoulizwa mapema, kesho atasema mwezi ulikasirika. Mtoto akizoea kuuliza hivyo darasani, atamuuliza na muuzaji wa mtaani.

Mwl_Chaki: Asanteni sana. Mwanafunzi mmoja ataigiza mzee, wenzake wambane. Sasa wakiniuliza kuku wangapi?

Bwana_Shamba: Mmoja kwa mmoja hapana, huenda mmojawapo anaatamia tu. Anzieni kumi kila upande, mhesabu mayai kwa wiki kadhaa. Na anayehesabu asijue banda lipi limepewa unga wa mzee.