Sehemu za kupumzikia ndani ya magemu: ipi inakutuliza kweli?

MtotoWaRaskazone
Wadau habari za jioni, nawasalimu kutoka Tanga. Naomba tulinganishe sehemu za kupumzikia, sio gemu nzima, ile sehemu tu ambayo ukifika mabega yanashuka. Naweka nne: chumba cha kusevu (kuhifadhi ulipofikia) cha Resident Evil ya 1996, moto wa Firelink Shrine kwenye Dark Souls, nyumba ya shamba ya Stardew Valley na nyumba ya kina CJ, mhusika mkuu wa GTA: San Andreas, pale Grove Street. Kura yangu Resident Evil. Unatoka kwenye korido risasi zinahesabika, afya nyekundu, unafungua mlango unakuta taipureta, sanduku la vitu, na muziki umegeuka mpole kabisa. Halafu kusevu kunakula utepe wa wino kwa hiyo husevu ovyo, unakaa kwanza unawaza. Bila mazombi kule nje kile chumba ni ukuta na meza tu, hofu ndo inakipa utamu.

KibandaNgamiani
Heshima yako mkuu ila mi naenda na Grove Street. Nina kibanda cha PS2 huku Ngamiani na madogo nawaona, wanakimbizana na polisi mji mzima lakini jua likizama mwisho wanarudi palepale kusevu, saa za gemu zinaruka sita mbele. Na ile ni nyumba ya marehemu mama yake, CJ anaingia mara ya kwanza anashika picha ya mama, hapo kibanda kizima kinanyamaza. San Andreas imetoka 2004 na mpaka leo madogo wanaiomba.

dada_wa_zamu
Kaka wa Raskazone hapo kwenye hofu sikubaliani na wewe. Mi natoka zamu ya usiku asubuhi, hofu nimeshashiba, nataka Stardew tu. Umerithi shamba la babu, unamwagilia, unavua samaki, ukilala ndo gemu inajisevu. Na imetengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, hadi muziki kafanya yeye, ikatoka 2016. Unahisi kabisa mkono wa mtu mmoja aliyeipenda kazi yake.

MtotoWaRaskazone
Dada yangu lakini Stardew ina saa! Ikifika saa nane usiku hujalala unazimia.

dada_wa_zamu
Saa ipo, ila kesho yake unaamka kitandani, umepungukiwa pesa kidogo basi maisha yanaendelea. Hakuna anayekudai kitu.

chuma_chumbageni
Mnaipita Dark Souls haraka jamani. Ukikaa kwenye moto chupa zako za Estus, zile za kurudisha afya, zinajaa, lakini karibu maadui wote uliowaua wanafufuka, yaani kupumzika kwenyewe kuna gharama na unaamua kwa akili zako kama unakaa au unasonga. Tena Firelink si ya milele, kuna mhusika anaitwa Lautrec, ukimwacha hai mbele ya safari anamuua dada mlinzi wa moto, unarudi umechoka unakuta moto umezima, mpaka uitafute roho ya yule dada umrudishie. Niliumia sana. Kwangu hiyo inaishinda taipureta, maana taipureta haijawahi kunifanya nimwonee mtu uchungu. Na hata Resident Evil si salama siku zote, ile ya pili iliyofanywa upya 2019 kuna taipureta pale ukumbi mkubwa wa polisi na Mr. X, lile jitu linalokuwinda, anaingia kama kwake.

MtotoWaRaskazone
Ukumbi ule kweli, nakubali. Ndo maana nilisema ya 1996.

bongo_pedi
Mi sina konsoli, simu tu. Kati ya hizo ipi inafaa?

dada_wa_zamu
Mdogo wangu chukua Stardew, ipo kwenye simu, ukishainunua haihitaji bando kuicheza. Msimu mmoja ni siku 28, usikimbilie, panda mazao machache kwanza halafu shinda mtoni unavua.

KibandaNgamiani
San Andreas nayo ipo kwenye simu, ila kuendesha gari kwa kioo ni tabu, njoo kibandani ushike pedi.