Mama anaandikiwa "mbili" lakini usiku anauma kitenge. Nifanyeje?

Binti_Bagira
Jambo wote. Naandika nikiwa mkekani, pembeni ya kitanda cha mama, hapa Bukavu. Alipasuliwa tumbo Jumatatu, leo Ijumaa. Kila asubuhi muuguzi anauliza: kutoka sifuri mpaka kumi, kumi yakiwa maumivu yasiyovumilika, yuko wapi? Anaandika mbili. Lakini usiku mama anatia ncha ya kitenge mdomoni na kuiuma mpaka inalowa. Asubuhi naianika dirishani, ina alama za meno. Nifanyeje waelewe kwamba anaumia? Wauguzi hawa wana haraka.

Mzee_wa_Kadutu
Pole binti. Marehemu mke wangu alizaa watoto saba, jirani hakusikia sauti yake hata siku moja. Siku hizi mtu akichomwa sindano anaita ukoo mzima. Kuvumilia ni heshima ya mama yako. Ombeni.

MamaPacha_Goma
Mzee, hapana. Mwanangu ana SS, yaani selimundu. Mifupa ikimshika anabaki kimya anachezea simu, na muuguzi mmoja akasema huyu haumwi. Mtoto anayeumwa mara kwa mara anajifunza kuficha. Siku moja nikamwonyesha zile nyuso sita za kuchora za kupimia maumivu, za Wong na Baker, waliotengeneza kipimo hicho kwa ajili ya watoto mwaka 1983. Ya kwanza inatabasamu, ya mwisho inatoa machozi. Akagusa ya tano, bila neno. Nililia mimi.

Muuguzi_wa_Zamu
Binti, mama anaongea Kiswahili? Anayejibu ni yeye au ni wewe?

Binti_Bagira
Anaongea Mashi tu. Natafsiri mimi.

Muuguzi_wa_Zamu
Na yeye mwenyewe anasemaje?

Binti_Bagira
Anasema chini ya kidonda kuna makaa, na mtu anayapuliza. Mambo ya namba hayajui. Ile mbili niliisema mimi.
Msinihukumu. Wakisikia nane watamshika wiki nyingine, na deni limeshapita pesa walizochanga kaka zangu. Jirani yetu alipona akabaki wodini wiki tatu kwa sababu hajalipa. Nimeshapatana na mtu wa taksi, kesho saa nne anatuchukua. Nyumbani nitampa parasetamoli. Mimi ndiye ninayekesha naye, si ninyi.

Kalamu_Nyekundu
Uzi huu umetungwa. Mwanzo wenye kosa ni wauguzi, sasa ni yeye. Mwaka jana ulikuja kama huu, mgonjwa alikuwa baba, mwisho tukaombwa mchango. Subirini, namba ya simu inakuja.

MamaPacha_Goma
Na mimi nilichanga ule wa baba. Binti, ni kweli?

Binti_Bagira
Sijaomba hata faranga moja, na sitaomba. Mama amekunja magoti, tangu jana hataki kugeuka. Kikohozi kikimjia anashika tumbo kwa mikono miwili, kisha anakimeza. Jioni alitetemeka nikamfunika mablanketi mawili. Mkisema nimetunga, sawa.

Mzee_wa_Kadutu
Kutetemeka ni malaria hiyo.

Muuguzi_wa_Zamu
Mzee, subiri. Uwe wa kweli au umetungwa, kuna mtu analala na mgonjwa usiku huu, namjibu huyo.
Maumivu ya kupasuliwa hupungua siku kwa siku. Yakipanda siku ya nne, na mtu anatetemeka, huenda kuna usaha. Parasetamoli itashusha homa na kukudanganya. Tena asiyekohoa wala kugeuka, makohozi yanabaki kifuani, nimonia inaingia.
Namba peke yake haitoshi. Tunauliza yanaanzia wapi, yanaelekea wapi, yanachoma, yanakata au yanapwita, nini kinayazidisha. Na tunauliza mgonjwa akikohoa au akikaa, si akiwa ametulia tu. Margo McCaffery, muuguzi wa Marekani, alifundisha tangu 1968 kwamba maumivu ni yale anayoyasema mwenye kuumwa. Mama yako amesema. Ni wewe uliyemkata maneno.
Amka sasa hivi, mwite muuguzi wa zamu wa hapo wodini. Usimpe namba, mpe makaa. Deni mtaliongea kesho. Kupasuliwa mara ya pili kutawagharimu kuliko hizo siku unazozikwepa.

Kalamu_Nyekundu
Saa nzima kimya. Nilisema.

Binti_Bagira
Nilikuwa kitandani kwa mama. Homa 38.9. Wa zamu alifunua kidonda, akabonyeza pembeni, mama akapiga kelele. Sijawahi kumsikia akipiga kelele. Akaniuliza mbili ilitoka wapi, nikamwambia ukweli. Daktari anaitwa. Wanataka kumchoma sindano ya maumivu kwanza, lakini mama wa kitanda cha pili anasema itaficha ugonjwa, daktari asione kitu. Nikatae?

Muuguzi_wa_Zamu
Usikatae. Wameshambonyeza na kuandika walichokiona. Dawa aliyoiandika muuguzi, saa na kipimo, daktari ataisoma. Iliyofichwa ilikuwa ile mbili. Mama akitulia, mwombe akohoe akiwa amekumbatia mto juu ya kidonda. Na mtu wa taksi?

Binti_Bagira
Namwandikia sasa.