Tupeane uzoefu: SGR Tabora–Kigoma, umeona nini na unakisia nini?

Mwana Ujiji (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za mchana. Najua tuko wengi ambao tukipita karibu na tuta la reli mpya ya kisasa, SGR, lazima tusimame, hata kama safari yetu ilikuwa ya shamba au sokoni. Kipande cha Tabora–Kigoma kina kilomita 411 za njia kuu, na ukiongeza njia za kupishana na za ndani ya stesheni unapata 506. Mkataba ulisainiwa Desemba 2022 na kampuni mbili za China, CCECC na CRCC. Hayo yanafahamika. Ninachoomba hapa ni ulichokiona kwa macho yako na unachokisia. Kukisia ruksa, ila sema unakisia kwa kigezo gani.

Naanza na jambo linalonisumbua zaidi: sura ya stesheni ya Kigoma. Tazameni wenzetu. Ya Dar es Salaam imechukua umbo la Tanzanite, ya Morogoro milima ya Uluguru, ya Dodoma mawe ya Dodoma. Maana yake wachoraji wanauliza kwanza mji unajulikana kwa nini. Sisi tuna ziwa, tuna mgebuka, tuna mchikichi, na tuna Liemba. Kura yangu ni Liemba. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, na ilifika huku kwa reli yetu ya zamani, iliyoingia Kigoma mwaka 1914. Ikashushwa majini Februari 1915. Liemba na reli yetu ni ndugu wa tumbo moja, na stesheni ambayo paa lake lina mgongo wa meli itanitoa machozi.

Mnyamwezi wa Isevya
Mwangaluka wakuu. Mwana Ujiji umenena, ila usisahau kwamba treni haianzii kwako. Kila kipande kinachokwenda magharibi au kaskazini kinapita kwetu Tabora. Tulivyokuwa wadogo, marehemu babu alikuwa akitupeleka stesheni usiku kuona mabehewa yakikatwa: haya ya Mwanza, haya ya Kigoma, mengine ya Mpanda. Kichwa kinarudi nyuma, mtu ameshika taa, unasikia mgongano wa vyuma kutoka behewa la kwanza mpaka la mwisho. Abiria waliolala wanaamka wanauliza, "Tumefika wapi?" Jibu lilikuwa lile lile, Tabora.

Na SGR inaheshimu hilo. Kutoka Makutupora inakuja Tabora, hapo inagawanyika, mkono mmoja Isaka na Mwanza, mwingine Kigoma. Sasa mimi sitaki mzinga wa asali wala embe kwenye paa letu. Nataka mapaa mawili yanayokutana, mtu akishuka aone kwamba yuko njia panda.

Fundi Tuta
Mimi nimefanya kibarua kwenye tuta upande wa Tabora, naomba niwape ya kazini. Watu wakiona katapila zinakwenda na kurudi pale pale wiki nzima wanadhani kazi imelala. Haijalala. Tuta halipandishwi kwa mpigo mmoja. Unamwaga moramu, greda linasambaza, gari la maji linalowesha, shindilia linapita mara nyingi, halafu watu wa maabara wanakuja kupima. Kipimo kikikataa, tabaka lile linakwanguliwa na mnaanza upya. Likikubali, ndipo tabaka linalofuata linaruhusiwa.

Kazi ngumu kabisa ni penye udongo wa mbuga, ule mweusi. Masika unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Huwezi kuweka reli juu yake. Unachimbwa, unatolewa, unaletwa udongo mwingine wa mbali. Kwa hiyo ukitaka kukisia kipande kipi kitachelewa, acha kuhesabu magari, angalia rangi ya udongo.

Na kuna dalili nyingine ninayoipenda. Fuata reli ya zamani mpaka inapokata kona kali, kisha tafuta tuta jipya liko wapi. Utaliona limeachana nayo, linazunguka kwa kona pana sana. Pale ndipo unajua wamechora kwa ajili ya kilomita 160 kwa saa.

Mzee wa Reli
Vijana, hamjambo. Nilitumikia reli mpaka nikastaafu, na nimefurahi kuona watoto wanajadili udongo.

Mimi jicho langu liko kwenye mteremko. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko mita 770 na ushei. Kwa hiyo njiani kuna mita mia nne na zaidi za kushuka, na hazikugawanywa sawasawa. Kuanzia Urambo, Kaliua, mpaka Nguruka nchi imetandaa, dereva anaweza kusahau breki. Sehemu kubwa ya kushuka inakuja mwishoni, ukishaiacha Uvinza. Enzi zetu pale dereva alikuwa hazungumzi na mtu. Mzigo uko nyuma unakusukuma, breki za upepo ukizitumia vibaya zinapata joto na nguvu zinapungua.

Treni ya umeme ina nafuu kubwa hapo. Ikishuka, mota zake zinaweza kugeuka kuwa jenereta, zikashikilia mwendo bila kula breki. Ila mzigo mzito wa kwenda Dar utaupanda mlima huo huo. Wamesanifu njia ibebe tani 35 kwa ekseli moja, na shaba ya Kongo ikivushwa kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, itapakiwa chini kabisa, kando ya maji. Kwa hiyo makisio yangu: kati ya Uvinza na Kigoma tutaona makato marefu ya vilima na madaraja mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kipande hiki. Mwinuko lazima ulainishwe.

Na bonde la Malagarasi msilichukulie kirahisi. Ni ardhioevu ya kimataifa, imeandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu tangu mwaka 2000. Ukiweka tuta kama ukuta pale, maji yatalitafuta siku moja. Wakubwa wenzangu wanakumbuka Kilosa, mwisho wa 2009 kuingia 2010, mafuriko yalivyoibeba reli. Nikisikia kalvati, zile njia za maji chini ya tuta, zinaongezwa Malagarasi, nalala vizuri.

Binti Nguruka
Shikamoo mzee. Wakubwa wote shikamooni.

Mimi uzoefu wangu ni wa dirishani. Nauza samaki wakavu, mama yangu aliuza kabla yangu. Treni ikisimama Nguruka, hata iwe saa nane ya usiku, tunawasha vibatari na tochi na tunakimbia na masinia. Abiria anainamia dirisha, anachagua, anatupa hela, treni inaanza kutambaa huku unamrudishia chenji. Uvinza wanauza chumvi, huko Urambo asali, kila stesheni na chake. Watoto wengi wa huku tumesoma kwa madirisha hayo.

Nilibahatika kupanda SGR kutoka Dar kwenda Dodoma. Nilifurahi, sikatai, sikusikia hata mtikisiko. Lakini dirisha halifunguki, njia nzima ina uzio, na stesheni huingii bila tiketi na ukaguzi. Mimi naitaka treni hii kwa moyo wote. Ninachokisia, na ninachoombea, ni kwamba stesheni za kati watazijengea soko. Kama wanaochora wanasoma: nafasi ya meza na kivuli, karibu na mahali abiria anaposhukia, na chumba cha ubaridi cha samaki. Tukiwa na baridi, hatuna haja ya kuuza mkavu peke yake. Kuhe mbichi wa Kigoma anaweza kuliwa Dodoma siku hiyo hiyo.

Mwana Ujiji
Dada Nguruka, hoja yako nimeisoma mara mbili. Hii ipelekwe kwenye mikutano ya vijiji wakija watu wa mradi, isiishie hapa. Mimi nitaibeba kwa upande wa Kigoma.

Mwalimu Kazuramimba
Naongeza kidogo. Wanafunzi wangu wameniuliza kama treni mpya nayo itaimba taka-taka, taka-taka. Nikawaeleza kwamba ule mlio unatoka kwenye maungio, pale vipande vya reli vinapokutana kwa bolti. Za SGR zinachomelewa zikawa ndefu bila mwanya. Wakanuna! Mmoja akasema atakuwa anaimba yeye.

Tukafanya hesabu darasani. Njia kuu: 205 mpaka Morogoro, 336 mpaka Makutupora, 294 mpaka Tabora, 411 mpaka Kigoma. Jumla kilomita 1,246. Tukachukua wastani wa kilomita 120 kwa saa, maana itasimama njiani. Kigoma–Tabora inakuwa saa tatu na dakika 25, safari ambayo leo inakula usiku. Kigoma–Dar ni saa kumi na nusu hivi. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na nusu jioni uko Dar.

Mzee wa Reli
Mwalimu, hesabu ni nzuri, ila waongezee wanafunzi nusu saa ya Tabora. Pale treni itasimama tu.

Mnyamwezi wa Isevya
Hilo ndilo nililokuwa nasema tangu mwanzo. Fundi Tuta, ukipita tena upande wa Usoke tupigie picha ya udongo.