Tumepigwa: wakala katuuzia Nkungwe "ya kwenda na kurudi"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Tulikuwa watano, wote wa hapa hapa Kigoma mjini, tumechangishana miezi minne ili tukapande mlima Nkungwe kule Hifadhi ya Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Wakala mmoja wa utalii (jina nalihifadhi) akatuhakikishia: "Alfajiri mnaanza kupanda, jioni mko ufukweni mnakula migebuka." Tukatoa hela yote kabla ya safari. Kosa letu, najua, msianze.

Tumefika hoi kwa mawimbi, mmoja katapika karibu njia nzima, askari wa hifadhi akauliza swali moja tu: "Mahema yenu yako wapi?"

Mahema! Nkungwe ina mita 2,462. Ziwa lenyewe liko kwenye 770 hivi. Hiyo ni karibu mita 1,700 za kupanda tu, msitu, mianzi, mpaka majani ya juu. Watu hutumia siku mbili tatu, wanalala mlimani, tena na mwongozaji na askari mwenye bunduki. Na ndani ya Mahale hakuna barabara, useme gari litakusogeza. Ni miguu mtindo mmoja. Mtu anauza mlima ambao hata njia yake haijui!

Kilichonichefua zaidi ni hiki. Mwenzetu alikuwa anakohoa tangu mjini, akamwambia wakala mapema. Akajibiwa: "Meza dawa, ukifika jikaze usikohoe mbele ya askari." Jamani, Mahale kuna sokwe, na sokwe wanashika magonjwa yetu! Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe huko huko Mahale. Ndiyo maana unavaa barakoa, unakaa mbali nao, na ukiwa mgonjwa hupelekwi kuwaona. Mwenzetu akajisema mwenyewe kwa askari, akabaki kambini. Kalipa sawa na sisi, hajaona hata mkia wa ngedere.

Sisi wengine tukaishia kwenye maporomoko. Mazuri, sikatai, ila sikulipia maporomoko.

Tumerudi mjini, napiga simu: mara yuko kikaoni, mara haipatikani. Jana ndiyo katuma ujumbe eti "mliingia hifadhini, huduma imetolewa". Huduma gani?

Aliyewahi kurudishiwa hela na mawakala wa aina hii alipitia wapi? Risiti ninayo, jumbe zake zote ninazo. Jumatatu asubuhi niko mlangoni kwake.