Mrejesho: maji ya kufulia hainuke tena

Wandugu, njo mimi wa Goma niliuliza juu ya maji ya kufulia na kuoga yenye ninamwangia mboga: ilikuwa inanuka ndani ya bidoni (dumu), na lengalenga (mchicha) zangu zikageuka manjano. Asanti sana, nilifanya chujio kama mulisema. Nilikata bidoni ya litri 20 juu, nikatoboa chini, nikaweka mawe madogo ya volkano (hayo hapa tunakanyaga tu), kisha mchanga, na juu kabisa kitambaa ya kushika nywele na mafuta. Mara ya kwanza nilisahau kuosha ule mchanga, ikatoka matope tupu, bibi akanicheka mpaka majirani wakasikia. Harufu yenyewe kumbe kosa ilikuwa yangu, nilikuwa naweka maji siku tatu, sasa ninayamaliza siku hiyohiyo. Maji yenye javeli (dawa ya kung'arisha nguo) tunamwaga kando, na ya nepi ya mtoto haiingie kabisa. Maji ya chujio namwaga kwa mizizi tu, si kwa majani. Majani mapya inatoka kijani, ya zamani niling'oa. Shida iliyobaki ni kitambaa, kila siku mbili inaziba na hakuna mwenye anapenda kuifua.